Fundi Aliyekataa Shuka Jeupe

Tulimzika Fundi bila mchungaji, bila kwaya, na bila hata mama mmoja wa chama cha kanisa aliyevaa sare. Nalisema mapema kwa sababu ndilo jambo la kwanza watu wa mtaa wetu wa Kaptembwo watakuambia ukimtaja, tena kwa sauti ya chini, kana kwamba alikufa kwa aibu. Mimi nilikuwa pale Subukia, shambani kwa dada yake, na kamera yangu mkononi. Niliona ni nani aliyeshika sepetu na ni nani aliyesimama nje ya ua akichungulia. Wanaosema alizikwa vibaya waje tubishane. Kazi yangu ni kupiga picha za harusi na mazishi, na mazishi mabaya nimeyaona mengi yakiwa na wachungaji watatu.

Sitasimulia alizaliwa wapi wala alikuwa wa ukoo gani. Hakuniambia na sikumuuliza. Nilimjua kwa zaidi ya miaka kumi jinsi kila mtu alivyomjua, yaani mama wa cherehani aliyekaa pembeni mwa karakana ya seremala wa majeneza, akishona kile kitambaa laini kinachotandikwa ndani. Jumapili alikuwa mama wa kanisa, kitambaa kichwani, Biblia kwapani. Na Jumamosi alasiri, kwa miaka kama sita, alikuwa mzimu.

Namaanisha mzimu wa sinema. Tulikuwa kikundi kidogo pale mtaani, tukitengeneza vichekesho vya dakika kumi, kumi na tano, vya kuweka mtandaoni. Vingi vilikuwa vya mizimu, kwa sababu mzimu huchekesha haraka na hahitaji gari wala hoteli. Unahitaji shuka jeupe tu, au ndivyo tulivyodhani, na shuka letu lilikuwa limechafuka. Basi tukaenda kwa Fundi kumwomba kipande cha kitambaa.

"Cha nini?" akauliza, macho yakiwa kwenye cherehani.

"Cha kuvalisha mzimu, mathe," dairekta wetu akamjibu.

"Mzimu wa nani?"

"Wa mtu tu. Amekufa, sasa amerudi kutisha watu."

"Mtu wa wapi?"

"Si ni wa hapa hapa Kaptembwo."

"Na alizikwa na shuka?"

Fundi akasimamisha cherehani kwa kiganja, akatugeukia kwa mara ya kwanza.

"Mimi nashonea maiti tangu nyinyi mkiwa shule. Sijaona mtu wa kanisa hapa akizikwa na shuka. Waislamu wana sanda, na sanda ni ibada ya wenyewe, hiyo hamtachezea. Nyinyi mnazikwa na suti na viatu vimepigwa rangi. Sasa huyo mzimu wenu hiyo shuka alitoa wapi? Aliiba kwa kamba ya majirani?"

Dairekta akamuuliza Fundi, basi mzimu avae nini. "Avae kile alizikwa nacho," Fundi akasema, akarudi kwenye kazi yake. Jumamosi iliyofuata alikuja mwenyewe kuhakikisha, na kabla jua halijashuka alikuwa ameshamtoa mwigizaji wetu na kuichukua nafasi yake.

Nataka ieleweke alichofanya, maana sasa vikundi vingine vinamwiga bila kumtaja. Kabla yake, mzimu wa vichekesho vyetu alikuwa mtu aliyepakwa unga usoni, amejitanda shuka, anatembea mikono mbele na kutoa sauti ya ng'ombe mgonjwa. Fundi alikataa unga. Kwanza ni chakula, alisema, na majirani wakiona unga unapakwa usoni watatuona wajinga kabla hatujachekesha. Pili, maiti wa siku hizi hapauki. Anapakwa mafuta, anachanwa nywele, anafungwa tai vizuri, na jamaa wakimtazama kupitia kile kioo cha jeneza wanaambiana amependeza. Kwa hiyo mizimu ya Fundi ndiyo iliyokuwa imevaa vizuri kuliko watu wote kwenye picha. Walio hai walikuwa na kandambili na fulana zilizotoboka, na marehemu anaingia amemeremeta, ananukia manukato, anauliza mbona nyumba ni chafu. Watazamaji walicheka kabla hajafungua mdomo mara ya pili.

Nilimletea flashi imejaa vichekesho vya nje vyenye mizimu, akavitazama saa za chakula kwenye televisheni ya seremala. Hakucheka. Sikuwahi kumwona Fundi akicheka kwa miaka yote hiyo, na hili ni jambo la ajabu kwa mtu aliyetuvunja mbavu namna ile. Alitafuna githeri yake ya mahindi na maharagwe polepole, akatazama mizimu ikipita kwenye kuta za nyumba kubwa zenye ngazi na vyumba visivyo na mtu.

"Hizi ni nyumba za watu wenye nafasi," akaniambia. "Mzimu ana chumba chake. Huku kwetu watu sita wanalala chumba kimoja, mzimu akirudi atajificha wapi? Itabidi aombe wasonge."

Sentensi hiyo moja ilizaa sinema nzima. Marehemu anarudi nyumbani, anakuta kitanda kimejaa, anaomba wasonge, watoto wanasonga wakiwa usingizini, na kichekesho chote ni mjane anayejaribu kumweleza kwamba godoro lake lilishachukuliwa na kaka yake. Tuliipiga mchana, kama tulivyopiga zote. Fundi hakutaka sinema za giza. Alisema mtu wa Kaptembwo akitembea gizani ana mambo ya kutosha ya kuogopa, hana haja ya kuongezewa na sisi.

Zile sinema za nchi nyingine za Kiafrika, ambamo mzimu anakuja na radi na mwishoni anatokea mhubiri anamfukuza, zilimkera kuliko zote. "Hawajamuuliza anataka nini," alinung'unika. Hicho ndicho kilikuwa kiini cha ufundi wake. Mzimu wake alikuwa na shida, tena shida ndogo, ya kawaida, na walio hai ndio waliochekesha kwa namna walivyokimbia badala ya kumsikiliza.

Ile iliyotufikisha mbali ni ya sufuria. Mama amekufa, amezikwa, siku ya tatu amerudi kwa jirani kuchukua sufuria yake kubwa aliyomwazima wakati wa sherehe. Anabisha hodi kwa adabu. Jirani anatokea dirishani, mwingine anapanda juu ya choo, mzee mmoja anaruka mtaro na kuacha mguu mmoja wa kiatu. Fundi anasimama katikati ya plot, vyumba vya kupanga vikiwa vimemzunguka, mkoba mkononi, akisema kwa upole, "Mimi nataka sufuria tu." Wote wanakimbia ila mlevi mmoja tu. Mlevi anamkaribisha, anamuuliza, "Mathe, umepotea, ulikuwa wapi?" kwa sababu yeye hakuja mazishini na hana habari. Wanakaa kwenye benchi wanaongea kuhusu bei ya mahindi. Watu walituma ile klipu hadi ikarudi kwangu kutoka kwa mtu wa Naivasha aliyedhani sijaiona.

Nimesema hakucheka. Vilevile hakuomba radhi, na kwa hili mjomba wangu ni shahidi. Kuna siku mzimu wetu alihitaji kuwa mwanamume, Fundi akasema atalivaa umbo hilo mwenyewe, nami nikaazima koti la suti la mjomba, la kijivu, lile la siku kubwa. Nilimkabidhi asubuhi. Mchana alipotokea mbele ya kamera alikuwa bwana mheshimiwa kabisa, masharubu ya mkaa na tai. Akazungumza na mkewe, akaaga, akageuka kuondoka, na hapo wote tukapigwa na butwaa. Koti lilikuwa limepasuliwa kutoka kola hadi chini, na mgongo wote uko nje.

Ndivyo maiti anavyovishwa, akatueleza. Mwili uliokauka haukunji mikono, kwa hiyo wahudumu wa mochari wanachana nguo nyuma, wanaiingiza kutoka mbele, wanamlaza. Mbele ni bwana harusi, nyuma hakuna kitu. Anayejua anajua, na katika mtaa wetu wanaojua ni wengi kuliko unavyofikiri. Kipande hicho kiliwachekesha watu mpaka wakalia. Mimi nililia peke yangu kwa sababu lile koti lilikuwa la mjomba.

"Nitalishona, hataona," Fundi akasema.

Akalishona, na kweli huwezi kuona. Jumamosi iliyofuata mjomba akalivaa kwenda kuongoza mazungumzo ya mahari ya binti mmoja huko Naivasha, yeye akiwa msemaji wetu. Alipoinua mikono kuomba baraka, mshono ukaachia wote kwa mpigo. Bibi mmoja wa upande wa pili, aliyekuwa amekaa nyuma yake, akainuka akalishika lile koti kwa vidole viwili na kuuliza mbele ya watu wote, "Hii nguo mmetoa kwa marehemu gani?" Mazungumzo yaliishia hapo. Tulirudi baada ya miezi miwili, na mjomba akakaa akiwa ameegemeza mgongo ukutani tangu chai ya kwanza hadi mwisho.

Nilikwenda kwa Fundi nikiwa nimefura. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Kosa ni la uzi," akasema. "Nilitumia uzi wa jeneza. Huo si wa kuvutwa, wenye kuuvaa hawainui mikono."

Basi, hayo tu. Lakini baada ya wiki mbili mjomba alipokea kifurushi, koti jipya la kijivu, limekatwa kwa vipimo vya lile la zamani, mishono miwili miwili kila mahali. Hakukuwa na barua. Mjomba analivaa hadi leo, na bado hajamsamehe.

Alikuwa na mambo yake mengine yasiyopatana. Aliigiza wafu lakini hakukubali kulala ndani ya jeneza hata kwa picha ya sekunde mbili. Dairekta alimbembeleza, seremala akaapa kwamba jeneza ni jipya, Fundi akajibu kwamba hicho si kiti cha kujaribu. Aliruhusu mzaha wote mbele ya kamera, na ndani ya karakana akaukataza kabisa. Mteja akiwa pale hungemsikia akitamka neno ila vipimo. Kabla ya kutandika kitambaa alipiga mbao za jeneza mara mbili kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayebisha hodi, na nilipomuuliza kwa nini aliniambia nishughulike na kamera yangu. Ndilo jina aliloniita, Kamera. Sidhani kama alilijua lingine.

Na alilipenda kanisa lake. Naliweka wazi kwa sababu wapo wanaompaka matope kana kwamba alikuwa mpagani aliyejificha. Alifagia kanisa lile kwa zamu yake na kwa zamu za wengine. Kwenye msiba, mama wa chama walipotoka mstari mmoja kwa sare zao kuimba kando ya kaburi, Fundi alikuwa wa tatu kutoka mbele, na sauti yake ndiyo iliyowashikilia wasipotee. Mimi nilizipiga hizo picha, ninazo.

Baada ya ile ya sufuria kuenea, baraza la kanisa likamwita. Sikuwepo ndani. Ninachojua ni alichotueleza mwenyewe na kilichotangazwa Jumapili mbele ya watu. Walisema anaigiza mapepo na kuwafanya watoto wayazoee. Akatengwa. Avue sare, akae benchi la nyuma, asiguse meza ya Bwana, na ikiwa atakufa kabla ya kutubu mbele ya kanisa kwa maandishi, kanisa halitamzika. Mtu asiye wa huku anaweza kuona hilo ni jambo dogo. Huku kwetu kuzikwa bila kanisa ni kuondoka ukiwa umefukuzwa. Wimbo haupo, sala haipo, wale uliowaimbia kwa miaka hawaji, na watoto wa dada yako wataulizwa sokoni mama yenu mkubwa alifanya nini.

Sisi tuliogopa. Tukamwambia tuache, au tupige vichekesho vya aina nyingine, vya wakwe, vya polisi. Alikuwa akipitisha uzi kwenye sindano.

"Jumamosi ni saa ngapi?" akauliza.

Tukapiga nyingine tatu mwaka huo. Na kila Jumapili alikuwa kanisani, benchi la nyuma, kabla ya wote. Wanaosema alikuwa na kiburi hawakuwahi kugeuza shingo kumtazama pale nyuma wakati wa meza ya Bwana, wengine wote wakipita mbele na yeye ameketi na mikono mapajani. Mimi niligeuka. Niliona uso wake, na uliniumiza.

Halafu akaugua kifua, akadhoofika, dada yake akaja akamchukua hadi Subukia. Cherehani ikabaki kwa seremala, imefunikwa gunia. Nilimwendea mara moja tu, asubuhi ya Alhamisi, nikiwa na matunda na ile flashi. Nilimkuta nje juani, kwenye kiti cha plastiki, anapukuchua mahindi kwenye ungo ingawa aliambiwa apumzike. Alikuwa amekonda sana. Hakuwa peke yake. Mzee wa kanisa letu alikuwa ametangulia kufika, mtu mpole, jirani yake wa miaka mingi, na mkononi alikuwa na karatasi iliyopigwa chapa.

Nikataka kurudi nyuma. "Kaa, Kamera," akasema. "Hakuna siri hapa."

Mzee akamsomea. Ilikuwa fupi. Ninakiri mbele za Mungu na kanisa lake kwamba niliigiza mapepo, ninajuta, ninaomba kurudishwa. Chini yake kulikuwa na mstari wa sahihi. Alimwambia akiweka sahihi tu, Jumapili itasomwa, hata kama hawezi kuja, na sare yake italetwa hapa hapa nyumbani.

"Soma tena hapo kwa mapepo."

Akasoma tena.

"Sijaigiza pepo hata siku moja," Fundi akasema. "Nimeigiza watu walikufa."

"Mama, aliyekufa harudi. Yule anakuja na sura yake ni pepo, ndivyo tunafundishwa. Lakini hayo ni maneno tu. Weka sahihi, tumalize."

"Kama ni maneno tu, yatoe."

"Siwezi. Yameandikwa na baraza."

Fundi alimaliza gunzi alilokuwa nalo, akaliweka chini. Nilidhani amechoka na atamwomba aende. Badala yake alianza kuongea, na katika miaka yote sikuwahi kumsikia akiongea muda mrefu namna ile.

"Wewe unajua mzee wangu alienda Naivasha, kazi ya shamba la maua, ule mwaka wa fujo za uchaguzi. Hakurudi. Nilizunguka mochari zote. Walinifunulia watu, nikaona nguo zimechanwa nyuma, ndio nikajua hiyo mambo ya nguo. Hakuwa hapo. Hakuwa mahali popote. Nikaomba kazi kwa seremala kwa sababu nilifikiria siku moja ataletwa, na mimi ndiye nitamtandikia. Hakuletwa. Sijamzika, na hakuna mtu ameniambia amekufa. Sasa akiingia kwa hiyo geti saa hii, na nyinyi wote mnaamini alikufa, mtafanya nini? Si mtakimbia?"

Mzee akaitazama karatasi.

"Mtakimbia. Na yeye ni mtu wa aibu, akiona watu wanakimbia atarudi alikotoka. Ndiyo maana nilikuwa nafanya zile sinema. Nilikuwa nawazoesha. Mtu amecheka hakimbii." Akakohoa, akangoja kifua kitulie. "Mimi nitamwambia karibu, nimwekee chai. Siwezi kuweka sahihi leo kwamba ni pepo, halafu akija nimwekee chai."

Dada yake, aliyekuwa mlangoni na sahani, alirudi ndani. Mimi niliangalia chini kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka ayaone. Nilimjua kwa zaidi ya miaka kumi na sikuwa nimewahi kumuuliza habari za mume wake. Nilikasirika na baraza, nikakasirika na mimi mwenyewe.

"Unajua vile utazikwa," mzee akasema. Hakumtisha. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Najua. Nimeshonea wengi, nimewaona wale wanaachwa. Inaniuma, usifikirie haiumi. Ile wimbo naitaka." Akachukua gunzi lingine. "Lakini siitaki kwa hiyo bei."

Mzee akaikunja karatasi mara mbili, akaitia ndani ya Biblia, akasimama. Alimshika mkono wake kwa mikono yote miwili.

"Sasa mama, nikawaambie nini?"

"Waambie nimekataa," Fundi akasema. "Usiwaambie nilikuwa mgonjwa."